Barua ya wazi kwa Gavana wa Alabama: Atticus alikosea mahali pamoja

Kwa Mheshimiwa Kay Ivey,
Gavana wa Jimbo la Alabama,
Montgomery.

Shikamoo Mama.

Naanza na shikamoo kwa kuwa wewe ni wa mwaka 1944, na kwetu Mombasa mtu wa umri huo haelezwi shida kabla hajaamkiwa. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Sina kura Alabama, sina ndugu gerezani huko, wala sijakanyaga Marekani. Kilichonileta kwako ni riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, ambayo nimeisoma na wanafunzi mara nyingi mpaka nakala yangu imeachana na jalada lake. Najua ulizaliwa Camden, kaunti ya Wilcox, na ukivuka mpaka tu uko kaunti ya Monroe, alikozaliwa mwandishi huyo. Ule mji wa Maycomb wa riwayani uko karibu nawe kuliko ulivyo karibu nami. Nakuja kama mgeni anayetaka kumsimulia mwenyeji habari za nyumba yake, na kwa hilo unisamehe.

Riwayani, Tom Robinson, mtu mweusi, anashtakiwa kumbaka Mayella, msichana mweupe, na wakili Atticus Finch anamtetea. Kesi hiyo haina fumbo. Mkono wake wa kushoto ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mtoto, tangu hapo unaning'inia tu. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso. Baba yake Mayella anaombwa aandike jina lake mahakamani, na kila mtu anaona kwamba anatumia mkono wa kushoto. Baada ya hapo wale raia 12, ambao sisi tungewaita wazee wa baraza, weupe watupu, wanaingia ndani kwa saa kadhaa, wanatoka wakisema ana hatia. Darasa langu huchafuka hapo. Kila mwaka yupo mmoja wa kuuliza: "Sasa yule hakimu alikaa pale kufanya nini?"

Kwa miaka mingi nililijibu swali hilo kwa wepesi. Nikisema hakimu Taylor ndiye aliyemchagua Atticus amtetee Tom, akijua fika kwamba wakili mwingine angelala usingizi kwenye kesi ile, na kwamba huo nao ni ujasiri, wa kimyakimya. Si uongo. Lakini kuna ukurasa ambao nilikuwa naupita haraka. Baada ya hukumu, Jem, mtoto wa Atticus, amekasirika, anataka mabaraza ya raia yafutwe kabisa. Baba yake hakubali, ila anasema lingekuwa jambo bora zaidi kama sheria ingebadilishwa ili katika kesi za kifo hakimu peke yake ndiye apange adhabu. Katika mazungumzo hayohayo anataja njia ya mwisho iliyobaki: rufaa ikishindikana, Tom atakwenda kwenye kiti cha umeme, isipokuwa gavana aibadili adhabu. Nawe umo kitabuni, Mama. Ni maneno machache tu, lakini umo.

Atticus hakumwamini hakimu bila sababu. Machi 1931 vijana 9 weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo Paint Rock, Alabama, wakashtakiwa kuwabaka wasichana wawili weupe. Kule Scottsboro, siku chache baadaye, 8 kati yao walikwisha kuhukumiwa kifo. Kesi ya mmoja wao, Haywood Patterson, iliporudiwa Decatur mwaka 1933, mmoja wa wale wasichana, Ruby Bates, alitoa ushahidi upande wa utetezi akasema hawakubakwa. Baraza halikujali, likampa Patterson kifo kwa mara ya pili. Hakimu James Horton akaupitia ushahidi kipande kwa kipande, na mwezi wa Juni akaifuta hukumu ile, akaamuru kesi isikilizwe upya. Mwaka 1934 akagombea tena kiti chake, wapiga kura wakamnyima.

Hapo ndipo penye kasoro katika wazo la Atticus, nami nimechelewa kuiona. Hakimu wa Alabama huchaguliwa kwa kura. Raia wa baraza akitoka mahakamani anarudi dukani au shambani kwake. Hakimu anarudi kwenye kampeni. Na Alabama ilikuja kuwapa mahakimu karibu kile alichokitamani Atticus: baraza likipendekeza kifungo cha maisha, hakimu aliweza kulipuuza na kuandika kifo. Aliweza pia kufanya kinyume chake, kuokoa, ila huko mikono ilikuwa mizito.

Wa kumkumbuka ni Walter McMillian, mkata miti mweusi wa Monroeville, mji uleule wa Harper Lee, ambako kwa miaka mingi wenyeji wameigiza kesi ya Tom jukwaani na watalii wakalipa kuitazama. McMillian alikamatwa mwaka 1987 kwa mauaji ya binti mweupe, ilhali siku ya mauaji alikuwa nyumbani kwake kati ya watu waliokuja kununua samaki wa kukaanga. Akawekwa pamoja na wanaongoja kuuawa hata kabla kesi yake haijasikilizwa. Kesi ilihamishiwa kaunti yenye watu weusi wachache, ikachukua siku moja na nusu, mbele ya baraza la weupe 11 na mweusi mmoja. Hata baraza hilo, lililomkuta na hatia, lilipendekeza kifungo cha maisha. Hakimu akaandika kifo. (Hakimu huyo aliitwa Robert E. Lee Key, jina la jenerali aliyepigania upande wa watumwa kubaki watumwa. Ningelitunga mimi riwayani, mhariri angelifuta.) Shahidi mkuu alikuwa amedanganya, akakiri mwenyewe. McMillian alitoka Machi 1993, baada ya miaka sita.

Sheria hiyo uliifuta wewe, Aprili 2017, ukiwa ndiyo kwanza umeshika ugavana. Nakupongeza kwa dhati. Lakini ilifutwa kwa kesi zijazo tu. Waliokwisha kuhukumiwa kwa njia hiyo waliachwa palepale. Januari 2024 Kenneth Smith aliuawa kwa gesi ya naitrojeni, mtu wa kwanza duniani kuuawa na serikali kwa njia hiyo, ingawa watu 11 kati ya 12 wa baraza lake walisema apewe maisha. Alikuwa mzungu, na hakukana kwamba alihusika; namtaja kwa sababu mlango uliojengwa kwa ajili ya akina McMillian haumwulizi anayepita rangi yake.

Mwaka mmoja baadaye ukafanya jambo ambalo sikulitarajia. Ulibadili adhabu ya Robin Myers, mtu mweusi aliyehukumiwa huko Decatur, mji ambamo hakimu Horton alisikiliza kesi ya Patterson. Baraza lake pia lilitaka maisha, hakimu akaongeza kifo. Ulieleza kuwa hukuridhika vya kutosha na hatia yake kiasi cha kumwacha auawe. Chama chako si chama cha kushangilia uamuzi kama huo, kwa hiyo najua haukuwa wa bure.

Ombi langu, Mama, ni kwamba usiishie kwa Myers. Muhula wako unakwisha Januari 2027. Agiza uletewe orodha ya wote ambao raia 12 walisema waishi na hakimu akasema wafe, kisha uwabadilishie wote kuwa kifungo cha maisha, bila kumchambua kila mmoja kama anafaa kuhurumiwa. Sheria uliyoifuta ilikuwa mbaya kwa wote. Huku kwetu, mwaka 2009, Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu ya kifo wafungwa zaidi ya 4,000 kwa siku moja. Mahakama zetu hazijaacha kutoa hukumu hiyo, kwa hivyo sikuletei Kenya kama mfano wa usafi. Nakuletea mfano wa kalamu tu.

Tom Robinson hakuingoja kalamu hiyo. Alikimbilia uzio wa gereza, akapigwa risasi 17. Mwezi ujao nitaifikia sura hiyo tena darasani, na lile swali la hakimu litaulizwa. Safari hii nimekusudia kuuliza na la gavana.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa fasihi, Mombasa