Kabla ya kuibomoa Uyole, wahesabiwe wapangaji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji wa Iringa aliyeandika kwamba Mbeya inatia aibu, kwamba mtu akija kutoka Igawa anapokewa na mabati yenye kutu ya Uyole kabla hajauona mji, na kwamba dawa yake ni kufanya kama Wachina: greda lipite, maghorofa yapande. Kuhusu mabati nakubaliana naye. Kuhusu greda nina la kusema.

Mimi nauza vitambaa vya mapazia Mwanjelwa, hapa Mbeya, na nina vyumba sita vya kupangisha huko huko Uyole, kwa hiyo wasomaji wajue mapema kwamba nina masilahi. Biashara hii imenifikisha mji wa Guangzhou, China. Wenzetu wengi wa Kariakoo huishia mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, ambako Waafrika ni wengi na chakula cha kueleweka kinapatikana. Mtu wa vitambaa hawezi kuishia hapo. Lazima aende Zhongda, soko la vitambaa lililoko wilaya ya Haizhu, upande wa kusini wa Mto Zhujiang. Na jirani kabisa na soko hilo ndipo palipo Kangle na Lujiang.

Hivyo ni vijiji. Palikuwa na wakulima, palikuwa na mashamba, mji ukaja ukavizingira pande zote, vikabaki katikati na majina yao. Leo nyumba zake ni za ghorofa tano, sita, saba, zimesogeleana kiasi kwamba aliye dirishani anaweza kumpa jirani chumvi bila kushuka ngazi. Chini jua halifiki, taa zinawaka mchana. Vyumba vya chini vimejaa cherehani, na mlio wake husikika mpaka usiku. Asubuhi wenye karakana hujipanga kando ya barabara, kila mmoja ameshika nguo ya mfano, huyu blauzi, yule suruali, na kibao cha bei. Fundi anafika, anaigeuza nguo ndani nje, anafuata pindo kwa kidole, anavuta mfuko kuona umeshonwaje, anauliza analipwa kiasi gani kwa kipande kimoja. Bei ikimchukiza anairudisha na kwenda kwa wa pili. Nilisimama nikatazama kwa muda mrefu, maana sijazoea kuona tajiri akimbembeleza fundi. Wengi wao ni watu waliotoka jimbo la Hubei, mbali na hapo. Gauni ulilonunua Kabwe, hapa Mbeya, kwa bei ya kushangaza, usishangae sana, huenda lilipita mikononi mwao.

Msomaji wa Iringa anadhani vijiji vya namna hiyo ni uzembe wa mipango. Havikuwa uzembe, ilikuwa hesabu. Katiba ya China ya mwaka 1982 inasema ardhi ya mijini ni ya dola na ya vijijini ni ya wanakijiji kwa pamoja. Mji wa Shenzhen ulipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, serikali ilihitaji ardhi upesi kwa ajili ya viwanda na barabara. Kuchukua mashamba hakukuwa na gharama kubwa, lakini kuhamisha kaya kulikuwa nayo. Basi wakachukua mashamba na kuwaachia wenyeji viwanja vya nyumba. Mkulima asiye na pa kulima akajenga ghorofa, akapangisha. Wapangaji walikuwepo tele: vijana wa mikoani ambao kwa utaratibu wa usajili wa kaya, ulioanza 1958, hawakuhesabiwa kuwa watu wa mji na hawakuwa na haki ya nyumba za serikali za mji huo. Sensa ya 2020 iliikuta Shenzhen ina watu zaidi ya milioni 17. Mamilioni kati yao walikuwa wamejibanza kwenye vijiji hivyo, na serikali haikutoa senti kuwajengea.

Sasa tuje kwenye kubomoa. Mfano unaosifiwa ni kijiji cha Liede, pale pale Guangzhou. Kilibomolewa kuanzia 2007, na wenyeji wakarudi 2010, mwaka ambao mji uliandaa Michezo ya Asia. Ardhi iligawanywa mafungu matatu: moja la kujengea nyumba za wanakijiji, moja likauzwa kwa kampuni za ujenzi ili mradi upate fedha, moja likabaki mali ya kijiji, liwe linaingiza kipato. Kumbi za mababu zilijengwa upya, na mashua zao za mashindano bado zinapigwa makasia kwenye mfereji ule ule. Wenye nyumba wa Liede walitajirika, na sina wivu nao. Lakini katika mafungu yale matatu, la mpangaji halikuwamo.

Baishizhou, kule Shenzhen, ilikuwa na watu waliokadiriwa kufika 150,000, karibu wote wapangaji, kwenye eneo lisilotimia kilomita moja ya mraba. Mwaka 2019 wakaanza kuambiwa wahame. Mwenye jengo alikuwa na mtu wa kujadiliana naye kuhusu fidia. Mpangaji alipewa wiki chache afungashe. Wazazi ndio waliopata tabu zaidi, kwa sababu kule nafasi ya mtoto shuleni hutegemea mahali mlipopanga. Ukihamishwa chumba, na shule imehama.

Wachina wenyewe wameliona hilo. Agosti 2021 wizara yao inayoshughulikia nyumba iliagiza miji iache kubomoa maeneo ya zamani kwa mkupuo: ndani ya eneo la mradi, ukubwa wa majengo ya kubomolewa usizidi asilimia 20 ya yaliyopo, na kodi za nyumba mjini zisipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Julai 2023 Baraza la Serikali, yaani baraza lao la mawaziri, likatoa mwongozo mwingine kwa miji mikubwa kabisa, unaoruhusu kubomoa, kukarabati, au kuchanganya yote mawili. Kwa maneno mengine, wanaotajwa kuwa mfano wa greda bado wanabishana kuhusu greda.

Hata ukarabati una mtego wake. Pale kijiji cha Shuiwei, Shenzhen, majengo 29 ya wanakijiji yalikarabatiwa bila kuangushwa. Waliweka lifti kwenye uchochoro, wakaunganisha majengo kwa vivuko vya juu, wakabadilisha mabomba na nyaya, vikapatikana vyumba 504. Kazi nzuri, siwezi kuibeza. Ila vilipangishwa kwa vijana wasomi waliokidhi masharti ya serikali ya wilaya. Muuza supu wa ghorofa ya chini masharti hayo angeyakidhia wapi?

Turudi Mbeya. Sensa ya 2012 ilikuta jiji letu lina watu 385,279. Ya 2022 ikakuta 541,603. Hao zaidi ya 150,000 walioongezeka hawakulala kwa wenye nacho, Forest Mpya. Wamelala Ilemi kwenye mteremko, Isanga, Mabatini, Iyela, Ilomba, Itezi, Igawilo, na kwetu Uyole. Pale nilipojenga, marehemu baba mkwe alikuwa akilima viazi. Shamba likakatwa vipande, kila mtoto na chake, mwingine akauza, aliyenunua akakata tena. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetupimia. Sasa barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi, na madalali wanapita kila wiki wakiuliza nauza shilingi ngapi.

Wapangaji wangu ni hawa. Vijana wawili wapakia viazi, ambao lori la Dar likiingia saa tisa usiku wanatoka, Juni ile ya baridi mnayoijua. Dada anayeuza chai na chapati stendi ya Nane Nane. Fundi bajaji. Mwalimu anayejitolea, ambaye ndiye ananisumbua kwa kodi, lakini ndiye anayewafundisha watoto wa wenzake hesabu jioni, basi namvumilia. Mama mmoja na wajukuu. Na mwanafunzi wa chuo. Wote wanakwenda kazini kwa miguu, isipokuwa mwanafunzi. Chumba ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Wapeleke Inyala au Mbalizi, ambako labda chumba ni nafuu kidogo, halafu piga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, na ya huyo mpakia viazi ambaye saa tisa usiku hakuna daladala.

Sisemi tunaishi vizuri. Miaka michache iliyopita mzee jirani alifariki msimu wa masika. Jeneza lilifika na gari la Noah mpaka barabarani, likabebwa, na kwenye kona ya uchochoro wetu likakataa kupinda. Ukuta wa tofali huku, ukuta huku, chini tope na maji ya choo kilichofurika, kwa sababu mpira wa gari la maji taka haufiki huko ndani. Wanaume wakalinyanyua juu ya ukuta, wengine wakaruka kulipokea ng'ambo. Mjane aliona yote. Baada ya matanga mwenyekiti wa mtaa aliwaita wenye viwanja, na hakuwa na haja ya kuhutubia. Nyumba saba tulikubali kurudisha kuta nyuma. Mmoja aligoma, akisema bikoni yake, lile jiwe la mpaka, iko pale na amelipia urasimishaji wa kiwanja kwa pesa yake. Alichobembelezewa ni nini hasa sitasema, ila leo kutoka barabarani mpaka kisimani ni karibu mita tatu, na mtaro tumeufunika kwa zege la kuchangishana. Gari la maji taka linaingia kinyumenyume. Bajaji inaingia. Hakuna mpangaji aliyehama, na sikupandisha kodi, ingawa mume wangu alitaka tupandishe.

Ndiyo maana naamini kupyaisha mtaa si lazima kuanze na tingatinga. Kuanze na njia, mtaro na choo. Halmashauri iingie pale ambapo michango yetu inaishia: bomba la maji taka hatuwezi kulichangia kwa bahasha. Anayejenga kwenye korongo la Ilemi, ambako udongo unashuka kila mvua, huyo ahamishwe kweli, tena mapema, na pa kwenda paoneshwe kabla.

Na kuna jambo moja ambalo Wachina wametuzidi, nalo msomaji wa Iringa hakuligusa. Kijiji chao kikimezwa na mji, wanakijiji hubaki pamoja kama kampuni ya hisa. Liede walikaa mezani na wajenzi wakiwa kijiji kizima. Sisi kijiji kikigeuzwa mtaa, halmashauri ya kijiji iliyokuwa inasimamia ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inakoma, na kila mtu anabaki na kiwanja chake na dalali wake. Mjane anauza kwa bei ya njaa kwa sababu hajui jirani ameuza kwa ngapi. Wenye viwanja wa mtaa mmoja wakiungana, wakapima pamoja, wakaingia ubia pamoja, hata mwekezaji wa kujenga ghorofa atakuta watu wa kuzungumza nao.

Lakini hilo ni la sisi wenye nyumba, na kwa kweli sisi tuna pa kushika. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 inataka fidia kamili na kwa wakati, na kanuni zake za 2001 zinataja mpaka posho ya usumbufu, ya usafiri, na pango la miezi 36. Nyumba yangu ikipigwa alama ya X nyekundu, mthamini atakuja, atapima kuta, atanisimamisha mlangoni nimeshika kibao chenye namba ya fomu, na kunipiga picha. Wapangaji wangu watakuwa wamesimama nyuma yake wakitazama. Miezi yangu 36 ya pango ipo kwenye kanuni. Yule dada wa chapati hana hata mmoja, labda kile nitakachomrudishia kwenye kodi aliyolipa mbele, na wenye nyumba tunajuana.

Ninachoomba kwa wataalamu wa jiji ni kitu kidogo. Kabla mtaa wowote haujachorewa mradi, kila chumba kiandikwe kina nani, analipa kiasi gani, anafanya kazi wapi, na mtoto wake anasoma shule gani. Mwenye mradi aseme kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu hao, vyumba vingapi vya bei hiyo hiyo vitakuwepo baada ya ujenzi. Kama jibu ni sifuri, lisemwe sifuri, tujue tunachokipigia makofi. Na wenye nyumba wenzangu tuwaandikie watu mikataba. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo na risiti hakuna, halafu tunalalamika serikali haitutendei haki!

Karani wa jiji akifika kwangu na fomu yake, nitamtajia majina ya waliomo vyumbani, mmoja baada ya mwingine. Akisema fomu haina nafasi ya wapangaji, ageuze karatasi, upande wa nyuma hauna kitu.

Mwenye vyumba vya kupangisha,
Uyole, Mbeya