Kwa Nini Noti Moja Kati ya Sita Hupotoka: Maelezo kwa Wenye Sinthesaiza za Kujiundia

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kutoka kwa wenye sinthesaiza za kujiundia, yaani vinanda vya umeme ambavyo mtu huviunganisha mwenyewe kutoka kwa seti ya vipuri, hapa Kisumu hufanana: chombo kinapiga vizuri, kisha ghafla noti moja inatoka imepotoka, na mwenyewe akiibonyeza tena ile ile, inatoka sawa. Wengi huamini kwamba kitufe kimechakaa, na baadhi yao hufika karakanani wakiwa wamekwisha kufungua safu nzima ya vitufe na kuisafisha kwa spiriti bila mafanikio. Hapa tunaeleza kosa hilo hutoka wapi, unachoweza kukichunguza mwenyewe nyumbani, na kazi tunayoifanya chombo kinapowekwa mezani kwetu.

Sinthesaiza ya analogi yenye sauti nyingi ni vyombo kadhaa vilivyofungwa katika kasha moja. Kila sauti ina osileta yake inayotoa wimbi, kichujio chake na kikuza sauti chake, na juu ya zote ipo kompyuta ndogo inayogawa kazi: ukibonyeza kitufe, inatafuta sauti iliyo huru na kuikabidhi noti hiyo. Mpango huu ndio ulioipa sifa Prophet-5 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipotoka mwaka 1978 ikiwa na sauti tano, na seti nyingi za kujiundia za leo zinaufuata. Kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, uzi mmoja kati ya nane ukilegea, kosa litabaki kwenye uzi huo hadi ukazwe. Kwenye sinthesaiza kosa huhama, kwa sababu sauti hutolewa kwa zamu. Ikiwa sauti ya nne kati ya sita ndiyo iliyopotoka, kosa litajitokeza kila baada ya noti tano nzuri, haidhuru umebonyeza kitufe gani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa bisibisi, bonyeza kitufe kimoja tu, polepole, mara nyingi mfululizo, huku ukihesabu. Kosa likirudi kwa mpango, kila mara ya sita kwa chombo chenye sauti sita, tatizo liko kwenye sauti mojawapo. Likibaki kwenye kitufe kimoja siku zote, hapo kweli ni kitufe. Ziko sinthesaiza ambazo hazizungushi zamu bali huanza na sauti ya kwanza kila zinapokuwa huru. Kwa hizo, shikilia vitufe kimoja baada ya kingine bila kuachia, usikilize ni cha ngapi kinacholeta kasoro.

Wenye chombo ambacho kila sauti imejengwa kwenye kadi yake, kama Ambika ya sauti sita iliyobuniwa na Émilie Gillet wa Mutable Instruments, wanaweza kwenda hatua moja zaidi. Zima umeme, chomoa adapta, kisha ubadilishane kadi mbili nafasi. Kosa likiifuata kadi, ugonjwa uko kwenye kadi. Likibaki palepale, tafuta kwenye bodi kuu. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, nalo hutuokolea sisi muda na wewe fedha.

Sababu ya kwanza tunayoitafuta, hata kabla ya kusikiliza, ni umeme unaoingia. Saketi za analogi zinahitaji njia mbili za umeme, moja chanya na moja hasi, na wabunifu wengi wa seti hizi huzipata zote mbili kutoka kwa adapta ndogo inayotoa umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo) wa volti 12 au zaidi: nusu moja ya wimbi hujaza upande chanya na nusu nyingine upande hasi. Adapta za namna hiyo ni nadra katika maduka yetu. Ile ya asili ikiungua au ikipotea, mwenye chombo hununua adapta ya ruta au ya redio, yenye volti zile zile na plagi inayoingia bila taabu, lakini inayotoa DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Upande chanya unajaa, taa zinawaka, skrini inaandika jina la chombo kama kawaida, na upande hasi unabaki mtupu. Matokeo yake ni ukimya, au mngurumo, au sauti zilizokatwakatwa ambazo hakuna marekebisho yatakayozinyoosha. Tafadhali soma maandishi yaliyo mgongoni mwa adapta: neno baada ya volti lina uzito sawa na namba yenyewe. Na kama ulitumiwa chombo kutoka Marekani, hakikisha transfoma yake inakubali volti 240 za hapa kabla ya kuichomeka, kwa maana iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee haitadumu.

Umeme ukiwa sawa, tunageukia joto, na hapa ndipo kazi ngumu ilipo. Katika osileta nyingi za analogi volti moja hubeba oktava moja, kwa hiyo nusu toni ni takriban milivolti 83, na milivolti moja tu ni zaidi ya senti moja katika zile mia zinazounda nusu toni. Saketi inayogeuza volti hizo kuwa masafa (kasi ya mtetemo wa noti) hutegemea jozi ya transista ambazo tabia yake hubadilika kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila digrii. Bila fidia, noti iliyo oktava tatu mbali na ile uliyorekebishia hupotoka karibu senti 12 kwa kila digrii moja ya joto. Fikiria basi mpigaji wa ohangla, muziki wa Wajaluo, aliyerekebisha chombo chake alasiri chini ya mabati, kisha akakipiga saa tano usiku kwenye uwanja wa wazi, au mwenzake wa Nakuru, ambako usiku baridi hushuka zaidi kuliko huku ziwani.

Wabunifu huliondoa tatizo hili kwa rezista maalumu ambayo ukinzani wake hupanda pamoja na joto kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, nayo ni lazima igusane na transista hizo ili zipate joto moja. Tunachokikuta mara kwa mara ni rezista ya kawaida yenye thamani ile ile, iliyowekwa kwa sababu ile maalumu haikupatikana, au ile maalumu yenyewe ikiwa imesimama mbali na transista. Chombo cha namna hiyo hupita majaribio yote chumbani. Sinthesaiza zinazotumia chipu ya CEM3340, au AS3340 inayofanana nayo, zina fidia ndani ya chipu yenyewe, na zenye osileta zinazoongozwa na saa ya kidijitali (saketi inayotoa mapigo ya kasi isiyobadilika), kama zilivyo za Roland Juno-60 ya mwaka 1982, hazipotoki noti kwa joto kwa namna hii. Kama bado hujanunua seti, na unapiga zaidi nje kuliko ndani, tungekushauri uanzie kwenye hizo.

Kurekebisha kwenyewe tunakufanya hivi: chombo kinawashwa na kuachwa nusu saa au zaidi kipate joto lake, kisha kila sauti inapigwa peke yake, noti ya chini na ya juu, tukizungusha trima (skrubu ndogo ya kurekebishia) mpaka umbali kati yao uwe oktava kamili, na ndipo tunaziweka sauti zote kwenye noti moja. Wenye kitufe cha kujirekebisha wasikibonyeze mara tu wanapowasha, kwani chombo kitahifadhi masahihisho ya hali ya baridi.

Tunazipenda kazi hizi kwa sababu michoro ipo. Mutable Instruments ilifunga shughuli zake mwaka 2022, lakini michoro na programu za Ambika zilikwisha kuwekwa wazi kwa umma, hivyo fundi wa Kisumu anaweza kuitengeneza bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Unapotuletea chombo, leta adapta unayoitumia hata kama unaishuku, orodha ya vipuri ulivyonunua ikionyesha ulichobadilisha, na nakala ya mipangilio ya sauti uliyohifadhi ndani ya chombo. Wanaotuma kwa mzigo kutoka Kakamega, Busia au Nakuru wachomoe kadi za sauti na kuzifunga kwa mifuko ya kuzuia umeme tuli, si kwa nailoni ya kawaida. Tunatoza kwa saa za kazi, na ada ya uchunguzi hukatwa kwenye malipo ya mwisho. Baada ya kurekebishwa, chombo hulala kwetu usiku mmoja ili tukipime tena asubuhi kikiwa baridi. Kwa hiyo kinacholetwa Jumamosi hakiwezi kutumika katika ibada ya Jumapili.