Madigadi ya baiskeli ya mama yako

Kwako mwanangu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, nakuandikia usiku huu hapa Ngamiani, umelala chali, mguu mmoja umeupandisha kwenye goti langu na mkono umeshika pindo la kanga ya mama yako. Kanga hiyo leo siku ya sita haijafuliwa, maana umekataa isiguswe. Umetimiza wiki nzima bila ziwa. Mambo ya wiki hii nataka uje uyapate kwangu mimi niliyekuwapo, tangu yalipoanza.

Jina lako ni la mama yangu mzazi. Ndiyo sababu mimi hukuita mama, mama yako hukuita mkwe, na bibi yako akija kutoka Pangani hukuita somo. Ukiitwa mkwe unageuka. Ukiitwa mama unageuka. Ukiitwa somo unakimbia mlangoni, kwa sababu somo maana yake bibi kafika na kapu lake.

Mama yako ni mwalimu. Likizo yake ya uzazi ilikuwa siku 84, na siku ya 85 alivaa gauni lake la kazini huku machozi yanamtoka, akakuweka mikononi mwangu. Sheria humpa baba aliyeajiriwa siku 3 tu, tena ndani ya wiki ile ile ya kuzaliwa mtoto. Mimi ni fundi baiskeli, kazi yangu iko hapa hapa barazani, sina wa kumwomba ruhusa wala wa kuninyima. Nikatandika mkeka kati ya benchi la vifaa na ukuta, pale pasipofika jua hata saa sita, nikafunga chandarua juu yake, basi ukawa umehamia kazini.

Mji wetu ni mji wa baiskeli, kazi haikosekani. Mchana kutwa ni kuziba pancha, kunyoosha ringi, kubadilisha spoki, kufunga keria. Sauti za kwanza ulizozijua ni pampu na kengele. Mpaka leo baiskeli hujaiita baiskeli, unaiita kiri, kwa ule mlio wa kengele. Siku uliyosimama dede mara ya kwanza, ulikuwa umeshika tairi la baiskeli niliyoipindua miguu juu. Tairi likazunguka, ukakaa kitako pwaa! Hukulia. Ulilitazama kwa muda mrefu, umekunja uso, kisha ukanyanyuka ukalishika tena, safari hii kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyetetemeka, kwa kuwazia vidole vyako na mnyororo. Tangu siku hiyo sipindui baiskeli bila kufunga gurudumu lake kwa kipande cha tyubu, na wateja waliokuwa na haraka wamejifunza kungoja.

Yuko mteja mmoja aliyeniambia nimpeleke mtoto kwa wanawake, hapa ni mahali pa kazi. Nilimalizia pancha yake, nikapokea hela yangu, sikumjibu. Lakini liliniuma, na liliniuma zaidi kwa sababu ulikuwa umekaa pale unamchekea.

Sasa habari ya madigadi. Sheria ya kazi inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku, na mama yako alizitumia. Kila saa nne asubuhi alipanda baiskeli yake kutoka shuleni, akaja akakunyonyesha kwenye kigoda nyuma ya pazia la duka, akarudi. Madigadi yake ya nyuma imelegea, nati imelika, na baiskeli ikipita kwenye kokoto za kona yetu hulia chakara-chakara. Ulikuwa na miezi 5 hivi nilipoona kwamba unausikia mlio ule kabla yangu. Ulikuwa ukinyonya kidole, ukakitoa, ukageuza kichwa upande wa kona. Mimi sijasikia kitu. Nikahesabu mpaka kumi na kitu, ndipo mama yako akatokea.

Nati ile ni kazi ya dakika tano. Mama yako aliniomba niikaze mara nyingi, anaona aibu, mke wa fundi anapita mjini na baiskeli inayopiga kelele. Kila mara nilimwambia kesho. Sikumwambia kwa nini, naona haya kukwambia kwamba sikumwambia. Pale ulipokuwa unalia na mimi nimeishiwa mbinu zote, nilikuwa najua saa nne kona ile italia, na wewe utaisikia.

Habari ya kliniki sitairefusha sana. Chanjo zako zote umepata, ya surua na rubela ya pili ulichomwa ulipofika miezi 18, ukamtazama muuguzi usoni bila kupepesa. Tulipokuweka kwenye suruali ya mizani ukaning'inia, ukadhani ni bembea, ukataka tena. Ulipotimiza miaka 2 mshale ulisimama kwenye kilo 11 na nusu, na alama yako kwenye kadi iko katika rangi ya kijani. Kadi naiweka mimi, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na leseni yangu.

Basi miaka 2 ikatimia. Qurani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na kliniki nao husema mtoto anyonye miaka 2 au zaidi. Mama yako alikuwa amechoka, mwanangu. Ulikuwa unanyonya usiku mara nne, mara tano, na asubuhi ana darasa lililojaa watoto linamngoja. Bibi yako akaleta shubiri. Ndiyo desturi, wengine hupaka shubiri, wengine pilipili, mtoto akionja mara moja harudii. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo. Mama yako aliishika ile shubiri, akaizungusha mkononi, akamrudishia bibi yako kwa adabu. Akasema: "Mama, ziwa hili limemlea. Sitaki siku ya mwisho alione chungu."

Bibi yako alinyamaza. Nilidhani ameudhika, kumbe alipoondoka aliniambia nimeoa mtu.

Tukapanga kwamba mchana utapunguziwa pole pole, na usiku utalala na mimi chumba hiki cha uani. Nilijiona niko tayari. Miaka miwili nakulea mchana, nakulisha uji wa ulezi, nakuosha, nakujua. Kumbe nilikuwa nakujua mchana tu.

Usiku wa kwanza uliamka saa saba, ukapapasa kifua changu. Ulipokuta ni mimi ulitulia kidogo, kama anayefikiri, kisha ukalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwako. Kilikuwa kilio cha mtu aliyenyang'anywa kitu chake. Nilikubeba begani nikazunguka uani. Nikakupa maji kwenye kikombe, ukakisukuma yakanimwagikia. Nikakuwekea mkono kwenye kengele ya baiskeli, ukauondoa. Na upande wa pili wa ukuta namsikia mama yako amekaa kitandani, hajalala, maziwa yamemjaa, kifua kimevimba, anakamua kidogo kidogo apunguze maumivu na kujiwekea kitambaa cha maji baridi. Angeinuka hatua sita tu, nyote wawili mngepona. Hakuinuka, na nilijua kutoinuka kule kulimgharimu kuliko kunyonyesha miezi yote ile. Ulilala adhana ya alfajiri ilipoanza, huku unashikwa na kwikwi.

Usiku wa pili ulikuwa vile vile. Usiku wa tatu sikungoja. Kulipoanza kupambazuka nilikuvisha sweta, nikakuketisha kwenye kiti kidogo nilichokufungia kwenye bomba la baiskeli, tukateremka pwani ya Deep Sea. Wavuvi walikuwa wanarudi. Ulikuwa na kamasi na macho yamevimba, na mtu mmoja aliyekuwa anashusha tenga la vibua akakuinamia akakuonyesha kimoja, bado kinatikisa mkia. Ukakigusa jicho. Ukasema, "Taki." Halafu ukanigeukia mimi ukarudia, "Baba, taki," ukihakikisha kama nimekiona. Tulikaa pale mpaka jua likatoka nyuma ya meli zilizotia nanga, umeegemea tumbo langu, sikutaka kuondoka. Tulirudi na vibua, mama yako akavikaanga.

Usiku wa nne ulilia kidogo. Wa tano kilio kikapungua zaidi. Wa sita uliamka saa nane, nikashtuka, nikajiandaa kukubeba. Ukakaa kitako gizani, ukasema wazi kabisa, "Baba, maji." Ukanywa, ukanirudishia kikombe, ukalala. Mimi sikulala tena mpaka asubuhi, wala sikutaka kulala.

Jana saa nane mchana mama yako alirudi kutoka shule. Ulikuwa umechuchumaa unapanga spoki zilizopinda kwenye kopo. Kona ikalia chakara-chakara. Uliacha kopo, ukakimbia mpaka ukingoni mwa baraza ukanyoosha mikono. Alipokubeba ulitia mkono kwenye gauni lake, ukapapasa vifungo, ukamtazama usoni. Akakutazama na yeye. Hakuna aliyesema kitu. Kisha ukauondoa mkono, ukalaza shavu pale pale kifuani, macho wazi, ukakaa hivyo muda wa mtu kusoma Fatiha pole pole. Halafu ukaomba ushushwe, ukampigia kengele.

Mama yako alipangusa macho kwa mtandio, akaegemeza baiskeli kwenye benchi. Akaniambia, "Haya, sasa iikaze."

Nilichukua spana namba kumi. Niliiinamia ile nati, na wewe ukaja ukainama pembeni yangu, umeshika magoti kama ninavyoshika mimi. Nikairudisha spana kwenye boksi.

Nimemwambia kesho.

Baba yako
Ngamiani, Tanga