Mkono uwe usawa wa moyo: barua kwa mwanangu Somoe

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Marahaba, mama. Huku wote wazima. Umeuliza kwa nini msimamizi wenu wodini anang'ang'ania mkono wa mgonjwa uegemezwe mezani kabla ya kupima presha. Ana haki. Damu ina uzito. Kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, kipimo kinapanda kwa karibu milimita 8 za zebaki. Mkono ukining'inia sentimita 20, mtu wa 130 utamwandika 145, na atarudi Lindi na vidonge asivyovihitaji. Ukiinuliwa juu ya moyo, kosa linageuka upande wa pili.

Kinachosukuma damu ni tofauti ya shinikizo kati ya mwanzo na mwisho wa njia. Mwenye 120/80 ana wastani wa 93 kwenye aota, ateri kubwa inayotoka moyoni: chukua 80, ongeza theluthi ya tofauti, kwa kuwa moyo unapumzika muda mrefu kuliko unavyosukuma. Damu ikirudi kwenye vena kubwa karibu na moyo, shinikizo limebaki karibu na sifuri. Moyo ukisukuma mililita 70 kila pigo, mapigo 70 kwa dakika, zinakaribia lita 5 za damu kila dakika.

Shinikizo hilo linaishia wapi? Sehemu kubwa inapotelea kwenye arterioli, vile vijishipa vyenye misuli kabla ya kapilari. Mfaransa Poiseuille alionyesha kwamba mtiririko katika bomba jembamba unafuata nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Mshipa ukibana kwa asilimia 10 tu, kwa shinikizo lilelile theluthi ya mtiririko imekwenda. Ukibana nusu, inabaki sehemu moja ya 16. Ndiyo maana amlodipini, dawa ya presha inayolegeza misuli ya mishipa, inashusha presha bila kuugusa moyo sana. Na ndiyo maana mama anayevuja damu baada ya kujifungua anawekewa kanula, mrija wa kuingiza maji mshipani, ya kijivu, nene na fupi. Kwa kanula ya bluu, iliyo nyembamba, hata uning'inize dripu darini, utachelewa.

Kapilari ni nyembamba zaidi, lakini ni mabilioni na zimepangwa sambamba, hivyo eneo lao kwa jumla ni pana mno. Umeona maji yakijaa: kwenye mlango wa bandari ya Mtwara mkondo unakimbia, ndani ya ghuba unapoa. Damu inayokwenda sentimita 20 na zaidi kwa sekunde kwenye aota, kwenye kapilari haifiki milimita moja. Polepole hiyo ndiyo inayoipa oksijeni muda wa kutoka.

Sasa mkanda wa kupimia presha. Papasa mpigo kwenye kifundo cha mkono ukiwa unajaza upepo. Ukipotea, ongeza 30, kisha shusha milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza utakayoisikia kwa stethoskopu ni namba ya juu: damu inapenya kwenye ateri iliyobanwa na kuvurugika, na mvurugiko ndio unaosikika. Ateri ikifunguka yote, damu inatulia na sauti inakoma. Hiyo ni namba ya chini. Ukiachia upesi, utaipita sauti ya kwanza na kuandika namba ndogo.

Mfuko wa upepo ndani ya mkanda uzunguke asilimia 80 ya mkono. Mdogo kwa mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo, na hili ndilo kosa utakalolikuta kila siku, maana vituo vingi vina mkanda mmoja. Mkono wa nguo uliokunjwa ukabana juu ya kiwiko nao unaharibu.

Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, amekwenda haja ndogo. Bibi aliyetembea juani atataka kukuuliza kwenu wapi. Mjibu kwanza, mama, ndipo ujaze upepo. Kuongea kunapandisha presha. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, uendelee na wenye namba kubwa, na uandike kwenye kadi ni upi.

Mama yako