Watoto Wetu Wanamwagilia Jiwe

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu wa Usambara Mashariki mlioko Dar es Salaam, wazazi wetu, na mashemeji mliooa kwetu: wanaopiga hodi ni wale wale wa kila mwaka. Safari hii tunaona haya kidogo, maana hatuombi mabati ya zahanati wala madawati. Tunaomba kivuli kwa ajili ya ua la porini.

Subirini, msiupite ujumbe huu kwanza.

Mnalikumbuka lile jiwe kubwa la kijitoni, pale tulipokuwa tukiteka maji kabla ya kwenda shule? Ubavuni mwake, kwenye ule utando wa kijani unaoteleza, kuna vimea vyenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau yenye vichembe vya njano katikati. Tulivikanyaga utoto wetu wote. Masika yaliyopita upepo uliuangusha mti wa mtambara uliokuwa ukilifunika jiwe, na jirani zake wawili walikwishauzwa mbao kabla ya hapo. Sasa jua la saa sita linapiga pale waziwazi. Majani yameanza kuungua madoa ya kahawia. Wanafunzi wa darasa la tano wamelifunika jiwe kwa magunia, na kila asubuhi wanapokezana ndoo za lita 10 kwenda kulimwagilia. Mpita njia mmoja aliwauliza kama siku hizi mawe yanaota.

Ua hilo asili yake ni milima ya kwetu na milima michache jirani ya Tanzania na Kenya. Porini halioti kwingine kokote duniani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, huko Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Wataalamu wa leo wamelihamishia kundi la Streptocarpus, lakini Wajerumani wa kawaida bado wanaliita Usambaraveilchen, kwa jina la milima yetu. Leo mamilioni ya vyungu vyake viko madirishani Ulaya na Marekani. Bibi wa huko anajua kwamba ua lake linatoka Usambara. Sisi wa Tabata na Mbagala, tuliozaliwa hatua chache kutoka kwenye jiwe, tunajua?

Kuna aliyetujibu kikaoni kwamba kama limejaa Ulaya basi halipotei. Ni hoja nzuri, tuijibu vizuri. Ukichomeka jani lake moja kwenye mchanga wenye unyevu, linatoa vichipukizi, na vyote vinakuwa mmea ule ule mmoja. Ndivyo mengi ya yale ya vyunguni yanavyozalishwa: wengi kwa idadi, ukoo mwembamba. Porini kila bonde lina lake, majani tofauti, maua tofauti, na aina nyingine zinajulikana kutoka sehemu chache mno. Baadhi zimo kwenye orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Ua hili halichimbi mizizi mirefu. Linashikilia udongo kiduchu juu ya mwamba, na linaishi kwa kivuli na unyevu tu. Miti ikiondoka, halina pa kukimbilia. Wala msitume mtu aling'oe alilete mjini: mwenzetu aliyejaribu kulipanda kwenye kopo, joto la Dar lilimjibu ndani ya wiki mbili.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na inalinda sehemu kubwa ya msitu, lakini jiwe letu liko nje ya mpaka, kwenye shamba la mtu. Mtu huyo ni mmoja wetu, anaishi hapa hapa mjini, hatumtaji. Mbao zilimlipia ada ya mwanawe. Ndiye pia aliyetoa laki mbili za kwanza za mchango huu, na ameruhusu tupande.

Mpango ni huu. Neti ya kivuli juu ya jiwe sasa hivi, migomba pembeni kwa miaka ya mwanzo, na miche ya miti ya mitambara na misambu kwenye kitalu cha shule. Tukiacha pengo, miti ya mihesi italijaza yenyewe, nayo si ya asili ya kwetu. Mbegu ya msambu ni mvivu kuota, kwa hiyo wa kuharakishwa ni sisi.

Tenki la lita 5,000 ni shilingi 1,000,000. Mabomba na fundi 450,000. Neti, nguzo na viriba 850,000. Mbegu na usafiri 300,000. Jumla 2,600,000, mkononi tuna 415,000, pungufu ni 2,185,000. Mweka hazina ni yule yule, risiti zitawekwa kwenye kundi, hesabu zitasomwa kikaoni.

Mlipochangia mabati ya zahanati hamkuuliza mara mbili, na Mungu aliwaona. Msibani mnakodi mabasi mawili kwa usiku mmoja. Na nyie mnaouza iliki na mdalasini Kariakoo, tunawaheshimu, lakini hiyo iliki ilikulia chini ya kivuli gani? Elfu mbili inapokelewa, laki inapokelewa.

Masika yanaanza Machi, na miche inatakiwa iwe tayari kabla ya hapo. Neti yenyewe tutainunua hapa Dar, marobota mawili. Anayepanda kwenda Muheza kabla ya mwisho wa mwezi na ana nafasi kwenye buti, amwambie mweka hazina.