Harambee ya Nauli: Tuwakutanishe Walimu wa Kiingereza wa Vijijini

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule zetu na wote wenye moyo wa elimu,

Safari hii tunaomba nauli ya kuwakutanisha walimu wa Kiingereza wa vijijini katika vikundi vidogo. Tunajua harambee za shule huomba madarasa, madawati au kompyuta, na mchangaji hupenda kuona kitu kinachopigika picha. Lakini mwalimu wa Kiingereza kijijini mara nyingi yuko peke yake katika somo lake, na anachokikosa zaidi ni mwenzake wa kumsikiliza akifundisha.

Tazameni wakati uliopita. Vitenzi vya kawaida vya Kiingereza huandikwa kwa -ed, lakini mwisho huo una matamshi matatu: "walked" huishia kwa sauti ya t, "played" kwa ya d, na "wanted" huongeza silabi nzima. Mwalimu aliyejifunza kwa kusoma kuliko kusikia huviongezea vyote silabi, darasa humfuata, na kwa kuwa hakuna wa kumshtua, kosa hurithiwa mwaka hadi mwaka. Mbele ya wenzake tisa litanaswa siku hiyohiyo. Semina kubwa ya mjini hailigusi, maana huko mwalimu hukaa na kusikiliza tu.

Tunaanza na vikundi 3, kila kimoja walimu 10 wa shule jirani, za kwenda na kurudi kabla ya giza. Wakizidi 12, wapole hunyamaza; wakiwa chini ya 6, wawili wakiugua hakuna mkutano. Watakutana mara moja kwa mwezi kwa miezi 9, kwa zamu katika shule zao, siku ya masomo kuanzia mchana, kwa ruhusa ya maandishi ya walimu wakuu. Jumamosi ingekuwa rahisi, ila hakuna wanafunzi, na bila wanafunzi kikao hugeuka soga.

Mwenyeji hufundisha kipindi kilichoandaliwa na kikundi kizima mwezi uliotangulia. Wenzake huketi pembeni, kila mmoja akifuatilia wanafunzi watatu au wanne: nani amefungua mdomo, nani amenakili kwa jirani, nani ameelewa swali lakini amekosa neno la kujibia. Baadaye kipindi hupanguliwa na kupangwa upya, na mwalimu mwingine hukirudia shuleni kwake. Mwalimu hapewi alama. Njia hii imetumiwa na walimu wa Japani kwa zaidi ya miaka 100, wala haihitaji mtaalamu wa kulipwa. Wakaguzi hatutawaalika, maana akiingia mkaguzi na daftari lake, kila mtu hufundisha kipindi alichokwisha kukikariri.

Hesabu ni hii: mwenyeji hasafiri, kwa hiyo kila mkutano una safari 9 za kwenda na kurudi. Mara miezi 9, mara vikundi 3, ni safari 243. Unaweza kuahidi safari moja, tisa za mkutano mmoja, au 81 za kikundi kizima kwa mwaka.

Kila kikundi kinahitaji pia sanduku moja: spika ndogo ya kuchaji yenye tundu la kadi, kadi mbili za GB 32 (moja hupotea, tumezoea), paneli ndogo ya sola, na vitabu 30 vya hadithi za Kiingereza chepesi, yaani vitabu 6 tofauti, nakala 5 kila kimoja, ili wanafunzi watano wasome hadithi ileile na kuijadili. Tafadhali msituletee magunia ya vitabu mchanganyiko vilivyoondolewa maktabani. Nakala mojamoja za vitabu vigumu huishia kufungiwa kabatini.

Sauti za kusikilizwa kwenye spika hiyo tutazirekodi kwa kilobiti 32 kwa sekunde. Dakika 10 hazifiki megabaiti 3, hivyo hupita hata kwenye mtandao dhaifu, na pasipo mtandao hunakiliwa kwenye kadi. Video tumeziacha.

Vikundi vya aina hii hufa kwa sababu zinazojulikana. Kubwa ni posho: ikilipwa mwaka wa kwanza kisha ikakatwa, watu hawaonekani tena. Sisi tutalipa nauli halisi tu, pamoja na chai. Ya pili ni uhamisho wa mratibu, ndiyo maana kila kikundi kitakuwa na waratibu wawili wa shule mbili tofauti. Kundi la WhatsApp nalo hujaa salamu na picha za sherehe hadi swali la mwalimu linazama, kwa hiyo litakuwa la maswali ya darasani na sauti pekee.

Fedha zitatolewa kwa saini mbili, ya mweka hazina na ya mjumbe wa wazazi. Kila mwisho wa muhula wachangiaji watapokea orodha ya safari zilizolipiwa na kipindi kimoja kilichoandaliwa, pamoja na mabadiliko kilichofanyiwa. Safari isiyofanyika haitahamishiwa matumizi mengine. Itasogezwa mwezi unaofuata.

Ahadi zitufikie kabla shule hazijafungwa, kwani ratiba za mikutano na barua za ruhusa huandaliwa wakati wa likizo.