Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: mama mwenye usonji naye huja kliniki

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma, na nina usonji, yaani ubongo wangu ulikua kwa namna tofauti katika kuwasiliana na watu na kupokea sauti na mguso. Watu wengi wakisikia neno hilo humfikiria mtoto wa kiume asiyesema. Lakini daktari wa watoto Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943, kati ya watoto 11 aliowaeleza, watatu walikuwa wasichana. Na wasichana hukua, wakazaa. Mimi niligundulika ukubwani, siku daktari alipokuwa akimpima mwanangu wa kwanza: aliuliza kuhusu utoto wake, nami kila jibu nililotoa likawa langu.

Nilikulia Sengerema. Kutowatazama wakubwa usoni kulinipa sifa ya mtoto mwenye adabu, bibi akinitolea mfano kwa binamu zangu. Macho yaleyale ndiyo yaliyoniponza nikiwa na mtoto mgongoni.

Mwaka jana mdogo wao, akiwa na miezi saba, alishikwa na kikohozi. Usiku kucha nilihesabu pumzi zake kwa saa ya simu, nikaandika kwenye daftari: saa nane 46, saa tisa na nusu 52, saa kumi na moja 58. Mhudumu wa afya wa mtaani kwetu alishanifundisha kwamba mtoto wa umri ule akifikisha pumzi 50 kwa dakika, hiyo ni dalili ya nimonia. Kulipopambazuka nikawa kituoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, watoto wanalia, majina yanaitwa kwa kupaza sauti. Kwangu sauti hizo huingia zote kwa pamoja, hakuna iliyo karibu wala iliyo mbali. Nilipomfikia muuguzi, maneno yalikuwa yamenikauka. Nikamsogezea daftari.

"Niangalie ninapoongea na wewe!"

Sikuweza. Akaniuliza kama nimelewa. Kisha akaniambia nirudi na ndugu mwenye akili timamu. Daftari hakulifungua.

Dada yangu alipanda daladala kutoka Buhongwa. Saa tano na nusu, baada ya saa nne nzima, ndipo mwanangu alipohesabiwa pumzi. Zilikuwa 61. Alipona, namshukuru Mungu, ila zile saa nne bado naziota.

Simlaumu muuguzi yule peke yake. Alikuwa mmoja, nasi tulijaa mpaka barazani, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu mzima anaweza kuwa na usonji. Lakini Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, na kwangu ubaguzi ulikuwa ule: mama kuonekana hafai kumsemea mwanawe.

Siombi jengo wala mashine. Naomba kwenye kadi ya kliniki paandikwe, mama mwenyewe akiridhia, kwamba ana usonji: aelezwe kabla ya kuguswa, maagizo ya dawa aandikiwe, asilazimishwe kutazama mtu machoni. Aruhusiwe kusubiri nje, chini ya mti, na zamu yake ikifika afuatwe. Akileta maandishi, yasomwe. Wauguzi wanapoitwa kwenye semina, tuitweni nasi. Kuongea mbele ya watu kutanishinda, lakini kuandika naweza, na nitaandika kurasa zote mtakazohitaji.

Mwezi ujao mwanangu anatimiza miezi 18, ana chanjo ya surua-rubela. Nitakuja na daftari.

Mama wa watoto wawili,
Igoma, Mwanza